Msisubiri Presha Iume

Ndugu zangu wa Tanga, na kila atakayesomewa barua hii,

Naandika kutoka Leeds, Uingereza, ninakofanya kazi ya uuguzi. Nataka kusema nanyi habari ya presha. Simu za nyumbani siku hizi hazikosi habari ya mtu aliyepooza upande mmoja, na kila mara naambiwa, "Hata hakuwa anaumwa." Ni kweli, hakuwa anaumwa. Presha ya kupanda kwa kawaida haina maumivu. Mtu analima, anauza samaki, anaenda harusini, huku damu ikisukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi mwaka hadi mwaka. Mishipa inakakamaa, moyo unaelemewa, figo zinaharibika, mpaka siku mshipa wa kichwani unapoziba au kupasuka. Hicho ndicho kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajijui. Basi msiuulize mwili, pimeni.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Nenda haja ndogo kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu yote sakafuni, usikunje nne. Mkono uwe wazi, uulaze mezani usawa wa moyo, na usizungumze. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Pima mara 2, upumzike dakika 1 katikati, uandike daftarini. Ya juu ikifika 140, au ya chini 90, na ikajirudia siku nyingine, nenda kituo cha afya na daftari lako.

Wengi wanakwama kwenye dawa. Mtu anameza mwezi mmoja, anapimwa, namba zimeshuka, anasema amepona, anaacha. Jamani, zimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiiacha zitapanda tena. Wengine wanaacha kwa sababu dawa inawasumbua, nao wasikilizwe. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, lisinoprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Semeni kliniki, mtabadilishiwa. Msigawiane vidonge: losartani inayomfaa babu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mjukuu wake. Na diklofenaki mnazonunua kwa ajili ya magoti hupandisha presha, kwa hiyo mwambieni muuza dawa kwamba mna presha kabla hajawapa. Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari mapema. Dawa nyingi za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku.

Chumvi inayoshauriwa kwa siku haifiki gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia kwenye chakula. Kwetu imejificha kwenye papa mkavu, ng'onda, achari na vidonge vya mchuzi. Papa aloweshwe, maji yamwagwe, asiongezewe chumvi, na asiwe kitoweo cha kila siku. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitaleta ladha, lakini havichukui nafasi ya dawa.

Wauguzi wenzangu mlioko zahanati, naijua foleni yenu. Hata hivyo nawaomba: msiishie kumwuliza mgonjwa, "Umeelewa?" Mtu mzima wa kwetu atajibu ndiyo kwa heshima tu. Mwambie, "Mama, ukifika nyumbani, utamweleza mwanao dawa hii unaimezaje, na hadi lini?" Akikosea, yamepungua maelezo yetu, turudie. Akirudi na namba zilizo juu, asikaripiwe. Aulizwe taratibu: siku gani dawa ilimpita, aliishiwa na pesa, au alikuta dawa hakuna kituoni? Mgonjwa aliyekaripiwa huanza kudanganya, au haji tena. Mgonjwa anayejua kwa nini anameza kidonge akiwa mzima ndiye anayeendelea kukimeza. Kumwelewesha hivyo nako ni tiba, na kuko mikononi mwetu.

Na ninyi mlio ughaibuni kama mimi, tumezoea kutuma pesa mtu akishalazwa. Tuchange mapema. Mashine moja ya kupimia presha, ya kufunga mkono wa juu, inatosha familia nzima, na bei ya dawa za mwezi ni ndogo kuliko gharama ya kumwuguza aliyepooza. Tukipiga simu, tuulize namba za juma hili kama tunavyouliza habari za watoto.

Mkimwona mtu mdomo umeenda upande, mkono umelegea ghafla au ulimi umekuwa mzito, huenda ni kiharusi: mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Asichuliwe kwanza, asisubirishwe asubuhi.

Mwezi huu kila mtu mzima nyumbani apimwe, na aliye na dawa asiache bila kuongea na kliniki. Shangazi, wewe usikilizwaye na ukoo wote, nakuomba uanze wewe, wengine watafuata.

Wenu katika damu na katika kazi,
Muuguzi wenu, Leeds