Tembo Hahesabiwi kwa Semina
Wako watumishi wenzetu ambao, wakiulizwa mradi wa kuhifadhi wanyamapori umefanikiwa kwa kiasi gani, hujibu upesi: semina zimefanyika, magari yamenunuliwa, mabango yamesimamishwa. Je, wanyama wameongezeka au wamepungua? Hapo kimya. Huko si kutathmini mradi. Ni kusoma stakabadhi.

Kinachokosekana ni kitu ambacho mwalimu yeyote aweza kukichora ubaoni kwa chaki, nacho ni mchoro wa dhana. Huandikwa kwanza mnyama anayehifadhiwa. Nyuma yake tishio linalomkabili, kisha sababu ya tishio hilo, na sababu ya sababu, vyote vikiunganishwa kwa mishale. Ndipo mpangaji aonyeshe kazi yake itakata mshale upi, na kwa dalili gani tutajua kwamba umekatika.

Wapo watakaodai kwamba hayo ni mambo ya vitabuni. Na watazame Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka 1976 tembo wake walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Kufikia mwaka 1989 walisalia chini ya theluthi moja. Je, waliangamia kwa sababu mwanakijiji hakuhudhuria semina? La hasha! Nyuma ya jangili alikuwapo mlanguzi, na nyuma ya mlanguzi, mnunuzi wa ng'ambo. Mwaka huo wa 1989 mishale miwili ilishambuliwa kwa pamoja: Operesheni Uhai iliingia porini, na mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Tembo wakaanza kuongezeka. Soko la Asia liliponoga upya, na ulinzi ulipolegea, sensa ya mwaka 2013 iliwakuta wapatao 13,000 tu.

Ni kweli kwamba mchoro nao waweza kudanganya, hasa ukichorwa makao makuu bila kumwuliza askari wa wanyamapori, wala mkulima ambaye mahindi yake huliwa na tembo usiku. Lakini hata ukikosewa, kosa lake huonekana na kusahihishwa. Labda ndiyo sababu baadhi yetu wanauogopa, maana humfichua mzembe.

Basi andiko la mradi likiletwa mezani, Ofisa Mipango amwulize mwandishi wake: mshale unaotoka kwenye semina hii unakwenda wapi? Akishindwa kujibu, arudishiwe makaratasi yake kabla senti moja haijatoka.