Mbegu Kabla ya Mvua

Masika ya Unguja na Pemba huanza mwezi wa Machi. Anayengoja wingu ndipo ashike jembe amekwisha chelewa. Sasa ndio wakati wa kuipanga upya bustani ya nyumbani: matuta yainuliwe na mifereji ichimbwe, mvua isije ikazoa mbegu za mchicha na bamia. Mche wa bilingani hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo mbegu yake yapasa kuwa mkononi mwa mwananchi mwezi wa Februari. Hapo ndipo penye wajibu wa maofisa wa kilimo. Mwananchi akiitikia wito kwa jembe, nao waitikie kwa mbegu. Mbegu ifikayo shehiani mwezi wa Mei itajaza daftari, haitajaza chungu.