Eti Mzungu Alijua Kujenga

Nilikuwa Cusco, nchini Peru, siku ya tatu, kichwa kinanigonga kwa sababu mji uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari na mimi ni mtoto wa Mombasa. Nikapiga picha ukuta wa kichochoro cha Hatun Rumiyoc, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaani. Mawe makubwa ya rangi ya kijani iliyofifia, kila moja na umbo lake, yameshikana kama magego. Moja lina pembe 12, na zote 12 zimekaa sawasawa na majirani zake bila chokaa, bila saruji, bila hata tope. Hazikupita dakika mbili, jirani yangu akaandika: "Tusidanganyane, Mzungu alijua kujenga." Wakafuata wanne na vidole gumba. Wa tano akaongeza: "Sisi tunajenga leo, masika ya kwanza inalala."

Ukuta ule ulijengwa na Wainka. Wahispania wa kwanza waliingia Cusco mwaka 1533 wakaukuta umesimama.

Ningeweza kuandika hivyo pale pale nikawaaibisha watu wa mtaani kwangu. Sikuandika, maana usemi ule na mimi nimewahi kuusema. Nilikuwa kidato cha pili, tunapita mbele ya jengo moja la zamani la serikali, nikamwambia babangu kwamba hawa Waingereza, baba, walijua kujenga. Babangu ni mwashi. Ameshika mwiko kwa zaidi ya miaka arobaini. Alilitazama jengo, akanitazama mimi, akaendelea kutembea.

Unausikia kila mahali. Dodoma watakuonyesha stesheni ya Mjerumani, Nairobi watakuonyesha jengo la mawe la enzi ya gavana, Zanzibar watakupeleka kanisani. "Hii ya mkoloni, angalia, hata ufa haina." Husemwa kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani, na wanaosikiliza hutikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba kesi imekwisha. Mimi naona haijaanza kusikilizwa.

Nilizunguka Amerika ya Kusini wiki saba, peke yangu. Wenzangu wawili walijitoa, mmoja kwa nauli, mwingine kwa harusi ya ghafla. Niliogopa upweke, ila mtu wa peke yake ana bahati moja: hakuna wa kumvuta mkono. Makundi ya watalii hupewa dakika tano mbele ya ukuta, kiongozi ananyanyua bendera, wanaondoka. Mtoto wa mwashi akiwa peke yake anaweza kukaa mpaka adhuhuri, watu wakadhani ameibiwa.

Basi nilikaa. Dakika chache kwa miguu kutoka kichochoroni pana kanisa na nyumba ya watawa ya Santo Domingo. Hapo palikuwa Qorikancha, hekalu la jua, ambalo kuta zake zilibandikwa mabamba ya dhahabu. Wahispania waliyabandua, kisha watawa wa Kidominika wakajenga juu ya mabaki. Tetemeko la 1650 likaangusha sehemu kubwa ya walichokijenga. Wakajenga upya. Tarehe 21 Mei 1950 ardhi ikatikisika tena, kanisa likaumia vibaya, na kuta nyingine za Wainka zilizokuwa zimefunikwa zikajitokeza, zimesimama.

Siri yake unaiona kwa macho ukitulia. Kuta zimeinamia ndani kidogo, chini nene na juu nyembamba. Babangu angetia timazi pale angedhani fundi amekosea. Milango nayo ni vivyo hivyo, kizingiti cha chini kipana kuliko cha juu. Na kwa kuwa mawe hayakugandishwa na kitu chochote, yakitikiswa yanasogea kidogo kisha yanajilaza tena mahali pake. Walioyachonga hawakuwa na chuma. Walikuwa na mawe magumu zaidi, wakagonga, wakajaribu, wakagonga tena. Nisiwe mchoyo: Wainka hawakuwa na matao ya mawe wala vigae, Wahispania ndio waliovileta. Lakini hata kanisa kuu la Cusco, lile linalopigwa picha kila machweo, mawe yake mengi yalikokotwa kutoka Sacsayhuamán, ngome ya Wainka iliyo juu ya mji. Waliokokota ni wenyeji.

Lima ndipo niliposhikwa zaidi, na sikutarajia. Niliingia kanisa la San Francisco, lililojengwa karne ya 17, nikakaa benchi la nyuma nikiangalia juu. Dari imejipinda kwa fahari, macho yanaapa kuwa ni jiwe. Ni fito. Ni miti na matete yaliyofumwa, yakakandikwa udongo, juu yake ikapakwa lipu. Wenyeji wa Peru walikuwa wakijenga hivyo kabla ya Wahispania kufika, na mbinu yenyewe inaitwa quincha. Wageni walikuja na dari zao za mawe na matofali kama walivyozoea kwao, matetemeko yakaziporomosha vichwani mwao, hadi mafundi wao wakajifunza kutoka kwa nyumba za waliowadharau. Tetemeko la 1746 liliangusha karibu Lima yote. Baada ya hapo wakuu wa serikali wenyewe walitaka nyumba zijengwe kwa fito, kwa kuwa fito hucheza na ardhi na jiwe halichezi.

Sasa nambie: sisi nyumba hiyo tunaiitaje? Nyumba ya kukandika. Na tukiitaja tunashusha sauti, hasa mbele ya wakwe.

Atasema mtu, haya, hayo ni ya Peru, wana matetemeko yao. Twende pwani. Twende Cartagena, Kolombia, mji uliozungushiwa kuta mbele ya bahari ya Karibi. Nilifika jioni, nikaweka kiganja ukutani kama ninavyofanya kila mahali (ugonjwa wa kurithi), nikashtuka. Kiganja kilinijibu. Yale matundu, ile mikwaruzo, ule mchoro wa nyota ndogondogo ndani ya jiwe: matumbawe. Nimekulia kwenye kuta za matumbawe. Nikizimiwa taa katikati ya Mji wa Kale wa Mombasa nitafika nyumbani kwa kupapasa.

Na hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka na kuupora mji wa Cartagena. Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania akamtuma mhandisi wa kijeshi, Bautista Antonelli, Mwitaliano, akauchoree ngome. Mwaka 1593, huku kwetu, Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati, ndiye aliyewachorea Wareno Ngome ya Yesu. Kati ya 1580 na 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Kwa hiyo ni Felipe huyo huyo: mkono wa kushoto ulikuwa unaagiza ngome Karibi, wa kulia unaagiza Mombasa.

Na kujenga kwa matumbawe, kuyachonga yakiwa bado laini, kuyachoma yawe chokaa, pwani hii haikufundishwa na Mreno. Vasco da Gama alipopita 1498 misikiti ya Kilwa ilikuwa na karne kadhaa. Gedi ilikuwa na kuta, visima na vyoo vya mawe. Mreno alikuta mafundi, akawaongezea waashi kutoka Goa, akawatolea mchoro wa Mwitaliano.

Cartagena walioinua kuta ni watumwa kutoka Afrika, baadhi yao mali ya mfalme mwenyewe. Kazi ilienda kwa vipindi hadi mwishoni mwa karne ya 18. Wengine walitoroka. Nilipanda basi, kisha bodaboda kutoka barabara kuu, nikaenda San Basilio de Palenque, kijiji cha uzao wa hao waliotoroka, yapata kilomita 50 kutoka mjini. Palenque maana yake ni boma la miti. Waliojengeshwa ukuta wa mfalme walikwenda wakajizungushia ukuta wao. Lugha yao ni mseto wa Kihispania na Kikongo. Njiani tulisimama kupisha mifugo, kijana aliyekuwa akinibeba akaionyesha kwa kidevu, akasema neno, nikamwomba arudie. "Ngombe." Nikacheka peke yangu nyuma ya pikipiki mpaka akaniuliza kama ni mzima.

Nimetumia neno hapo juu, kujengeshwa, na sikulitumia ovyo. Kiswahili kinatofautisha kujenga na kujengesha, na ubishi wote huu ungekwisha kama tungeheshimu silabi moja. Mzungu hakujenga. Alijengesha.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia barazani: kubeba mawe kila mtu anaweza, akili ni ya aliyechora na aliyetoa pesa. Sawa. Tukisema mjenzi ni aliyechora kwanza, basi si Mhispania wala Mreno, ni Waitaliano wawili wa kuajiriwa, na wale wa Cusco ni Wainka tangu mwanzo. Tukisema mjenzi ni aliyetoa pesa, tuulize pesa ilitoka wapi. Kiswahili hapa tena kinasema ukweli bila kukusudia, kwa kuwa fedha ni madini na fedha ni pesa. Ilitoka Potosí, Bolivia ya leo, mlima uliogunduliwa kuwa na fedha mwaka 1545. Kuanzia miaka ya 1570 kwa amri ya Gavana Mkuu Francisco de Toledo, mikoa ya jirani ililazimishwa kutoa mwanamume mmoja kati ya saba kila mwaka, jumla kama watu 13,000, kwenda kuchimba. Wengi hawakurudi makwao. Nililala Potosí usiku mmoja tu, baridi na pumzi fupi vikanishinda, lakini niliingia ile nyumba ya kufulia sarafu na kuona mitambo yake ya mbao, mikubwa kuliko chumba changu, iliyozungushwa na nyumbu. Sarafu za reale nane zilizotoka katika milki ya Hispania zilivuka mpaka Bahari ya Hindi. Reale walizohesabu babu zetu kwenye mahari, jina lake lilianzia Hispania, na fedha ya Potosí wengi waliichimba kwa kulazimishwa.

Na hoja ya kwamba kubeba kila mtu anaweza, naikataa moja kwa moja. Anayeisema hajawahi kulipanga hata tofali moja likakaa. Nenda Salvador, Brazili. Mtaa wa Pelourinho umepewa jina la mti wa kuchapia watumwa. Pale pale mtelemkoni pana kanisa la buluu, Rosário dos Pretos, Rozari ya Weusi. Udugu wa watu weusi, watumwa na walioachwa huru, ulipata kiwanja mwaka 1704, wakalijenga wenyewe kwa saa walizobakiwa nazo baada ya kazi ya bwana. Likachukua karibu miaka mia. Hakukuwa na wa kuwajengesha. Limesimama.

Kuhusu nyumba zetu zinazolala masika ya kwanza, ni kweli zinalala, na watu wanakufa. Zinalala kwa sababu nondo zimepunguzwa, mchanga umezolewa pwani na chumvi yake, ghorofa mbili zimeongezwa juu ya msingi wa moja, na mkaguzi amepewa ya chai. Orodha hiyo haina rangi ya ngozi ya mtu. Lakini ni rahisi kumsifu marehemu wa kikoloni kuliko kumtaja jirani anayeuza nondo nyembamba, maana huyu wa pili tunakutana naye msikitini. Na ile ya mkoloni iliyoanguka nani anaipiga picha? Lima iliyoanguka 1746 haipo kwenye simu ya mtu.

Nilirudi Mombasa siku ya Ijumaa. Jumapili nikaenda kwa babangu, nikampa simu yenye picha ya ukuta wa Cartagena, sikumwambia ni wapi. Aliivuta kwa vidole viwili, akaikuza penye kiungo cha jiwe na jiwe.

"Hapa ni ngomeni, upande wa bahari?"

Nikamwambia hapana, ni Amerika ya Kusini. Nikamsimulia: Felipe, Waitaliano, matumbawe, watumwa, ngombe. Nilizungumza sana, nadhani nilikuwa nikiomba radhi kwa yale maneno ya kidato cha pili. Alisikiliza mpaka mwisho, jicho halijatoka kwenye kiungo.

"Chokaa yao waliichoma kwa kuni za mti gani?"

Sijui, baba. Sikuuliza.

Akanirudishia simu. "Wiki saba," akasema. "Sasa ulikuwa unatazama nini?"