UBAO WA DARASANI USIWE PAMBO



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupalilia mapema. Leo naomba tuingie darasani. Usishangae Bwana Shamba kuzungumza habari za shule. Sababu yake utaiona.

Katika shule moja ya msingi ninayoitembelea, darasa la sita lina ubao wa matangazo. Sisemi ubao wa kuandikia kwa chaki. Nasema ule wa kubandika karatasi. Kwa miaka miwili niliona karatasi zile zile: ratiba ya vipindi, zamu za kufagia, na tangazo langu mimi juu ya viwavijeshi vamizi. Tangazo hilo lilikuwa refu. Maandishi yake yalikuwa madogo kama sisimizi. Tena lilibandikwa juu sana.

Siku moja niliwauliza wanafunzi, "Tangazo lile linasema nini?" Wote walinyamaza. Kisha msichana mmoja akajibu, "Shikamoo Bwana Shamba. Lile ni la walimu."

Niliona aibu. Wadudu hawa waliingia nchini mwetu mwaka 2017. Mahindi ya wazazi wa watoto wale yalikuwa yanaliwa karibu na dirisha la darasa. Maarifa yalikuwa ukutani, na hakuna aliyeyasoma. Watoto wanajua kusoma. Kosa lilikuwa langu.

Nilikaa na mwalimu wao wa Kiswahili. Tuliondoa karatasi zote. Ubao wenyewe ulikuwa umeliwa na mchwa, basi wanafunzi walitengeneza mwingine. Walichukua gunia kuukuu, wakalivuta juu ya fito nne, wakalishona. Pini hatukuwa nazo. Walitumia miba. Tuliutundika ubao mahali ambapo macho ya mtoto yanafika bila kuinua shingo.

Jumatatu mwalimu alibandika picha moja tu ya kiwavi, na swali moja kwa herufi kubwa: "Mdudu huyu ana herufi gani kichwani?" Jibu liliandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Anayetaka kujua lazima aifunue. Wakati wa mapumziko watoto walisukumana hapo! Jibu ni herufi Y iliyopinduliwa. Jumanne waliandikiwa: "Sasa tazama karibu na mkia. Hesabu madoa." Ni madoa 4 meusi, yamekaa kama pembe za mraba. Jumatano: "Mayai yake hukaa kwa fungu kwenye majani, yamefunikwa na kitu kama manyoya. Yaponde kwa vidole." Siku hiyo walikwenda katika shamba la shule kutafuta. Waliyaona, wakayaponda.

Tangazo ni lile lile langu. Tulilikata vipande tu.

Tangu hapo karatasi hubadilishwa kila Jumatatu. Wanafunzi wawili wawili hupokezana zamu. Huandika kiasi cha mvua iliyopimwa shuleni, bei ya mahindi mnadani, na habari moja waliyoichagua wenyewe. Mwalimu husahihisha kabla hawajabandika. Wiki moja waliandika habari ya mbuzi aliyekula daftari la mwenzao. Mimi niliona ni upuuzi. Lakini hata mvulana ambaye kusoma kwake ni kwa shida aliisoma mpaka mwisho, akicheka. Basi nikanyamaza.

Jambo moja nililipinga. Mwalimu mwingine alitaka kubandika hapo majina ya walioshika mkia katika mtihani. Mtoto aliyeandikwa hapo hatausogelea ubao tena, naye ndiye anayehitaji kusoma zaidi. Mwalimu alikubali. Wapo pia wanaopamba ubao kwa karatasi za rangi mkaguzi anapokuja. Rangi si mbaya, lakini akiondoka mkaguzi, mtoto atasoma nini?

Wiki ya tano tuliweka habari za dawa za wadudu. Chupa ya dawa huwa na kibandiko chenye mstari wa rangi chini yake. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano inafuata, kisha bluu, na kijani ni hafifu kuliko nyingine. Lakini hata ya kijani ni sumu. Kibandiko husema pia siku za kusubiri baada ya kunyunyiza, kabla ya kuvuna. Mwanafunzi mmoja alinakili maneno hayo katika daftari lake, akaenda nayo nyumbani.

Mama yake ni msomaji mpya kama wewe. Aliyasoma polepole, akifuata kwa kidole. Nyumbani alikuwa na dawa aliyouziwa mnadani ndani ya chupa ya soda, ayanyunyizie mahindi na mchicha. Aliigeuza chupa ile pande zote. Haikuwa na kibandiko, wala rangi, wala siku. Siku ya mnada alimrudishia muuzaji, akamwomba chupa yenye maandishi. Muuzaji hakuwa nayo. Mama akadai fedha zake.

Alirudishiwa nusu. Kesho yake alikuja shuleni, akasimama mbele ya ubao wa gunia, akauliza kama wazazi nao wanaruhusiwa kusoma. Sasa kila Ijumaa jioni mlango wa darasa huachwa wazi.

Nawe ukimaliza kusoma gazeti hili, usifungie karanga. Mpelekee mwalimu wa kijijini kwako, akate vipande vya kubandika.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.