Komamanga Lililoitwa Kitunguu

Msafara wetu ulipoingia katika karakana ya kauri ya Meissen, Ujerumani, sote tulinyamaza bila kuambiwa. Mwanamama mmoja aliinamia sahani iliyochomwa mara moja tu, akiichora kwa rangi ya kobalti. Kauri ya namna hiyo huinywa rangi papo hapo. Mkono ukitetereka, hakuna kufuta. Tena rangi yenyewe ni nyeusinyeusi. Usamawati hautokei ila sahani ikishapakwa maji ya kung'arisha na kurudishwa tanurini.

Nakshi hiyo iliigwa kutoka China katika karne ya 18. Makomamanga yakapotea umbo mikononi mwa wachoraji, na watu wakayaita vitunguu! Sisi tuliyatambua, tukacheka.

Hatukucheka tuliposimuliwa habari za Johann Friedrich Böttger. Alijigamba kuwa aweza kutengeneza dhahabu, na Augustus, mtawala wa Saxony, akamweka kizuizini aitengeneze. Dhahabu haikupatikana, ilipatikana kauri, na mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa. Böttger hakuachiwa huru hadi mwaka 1714. Alifariki mwaka 1719, akiwa na miaka 37.

Tulipopewa sahani tuzitazame, tulizipokea kwa mikono miwili.