Hakuchelewa, Alicheleweshwa

Kuna neno moja ningependa lifutwe kwenye mafaili ya wagonjwa wa saratani ya koo: "amechelewa". Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na neno hili nimelisikia mpaka limenichosha. Linatamkwa kana kwamba mtu alikaa nyumbani akiufuga uvimbe kama kuku.

Tupige hesabu. Uvimbe wa sentimita 2 ukifika 4, kipenyo kimeongezeka mara 2, lakini ujazo umeongezeka mara 8. Mionzi inapambana na seli, na sasa seli ni nyingi mno. Tena ndani ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, oksijeni inapungua. Tangu miaka ya 1950 wanasayansi wanajua kwamba seli iliyokosa oksijeni huistahimili mionzi. Ndiyo maana saratani ndogo ya nyuzi za sauti hudhibitiwa kwa mionzi pekee kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10, ilhali kubwa hudai wiki 7 za mionzi pamoja na dawa za dripu, na bado mtu anaweza kupoteza sauti yake, au uhai.

Sasa niambieni: kutoka sentimita 2 hadi 4, mgonjwa alikuwa wapi?

Mara nyingi alikuwa kwetu. Sauti ilipokauka alikwenda duka la dawa, akapewa vidonge. Zahanati wakasema tonsesi, wakampa antibiotiki. Akarudi, akapewa nyingine. Hospitali ya wilaya haikuwa na kifaa cha kuchungulia koo. Kisha rufaa, kisha nauli ya basi kutoka Kigoma hadi Ocean Road, Dar es Salaam, na mahali pa kulala kwa wiki hizo zote.

Mtasema wapo wanaoanzia kwa mganga wa kienyeji. Wapo. Mganga yuko jirani na anamsikiliza mtu hadi amalize. Tujiulize kwa nini sisi hatufanyi hivyo.

Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3 bila sababu inayojulikana, rufaa itolewe siku hiyo hiyo. Na kwenye faili, kando ya ukubwa wa uvimbe, iandikwe tarehe ya kwanza mgonjwa alipofika zahanati. Hapo tutaona nani atathubutu kuandika "amechelewa".