Lala Ndani ya Ukuta

KIBARAZANI
Na Rehema Shemndolwa

Jumatatu iliyopita, saa tano usiku, binti wa kaka yangu alinitumia mpango wa safari yao, akaandika chini yake: "Shikamoo shangazi. Pitia uone kama tumesahau kitu." Yeye na mumewe wamejinyima miaka miwili ili Septemba ijayo wapande ndege na mtoto wao wa miaka saba hadi Munich, wakodi gari, waione milima ya Alps na ile miji midogo ya Zama za Kati ambayo kuta zake bado zimesimama. Nikahesabu. Siku 10, nchi 6, miji 14. Siku ya nne peke yake walipanga kunywa chai Rothenburg, kula cha mchana Lucerne na kulala Milano.

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika 11. Kwa kuwa najua wapo wasomaji wenye daftari kama lake, nayaandika hapa niliyomwambia, na yale yaliyonijia baada ya kuutuma.

Nilianza na saa. Kwenye ramani ya simu, kilomita 100 za barabara kuu ya Bavaria na kilomita 100 za mlimani huonekana sawasawa, mstari mmoja wa buluu. Mimi nimezaliwa Soni, na kwetu mwendo wa kutoka Mombo hadi Lushoto haupimwi kwa kilomita. Anayepanga safari ya Alps aanze na kipito, yaani pale barabara inapovuka mgongo wa mlima, kwa sababu hapo mwenye uamuzi ni theluji. Kipito cha Stelvio, kaskazini mwa Italia, kipo mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hufungwa tangu Novemba hadi mwishoni mwa Mei au Juni. Barabara ya Grossglockner ya Austria, iliyofunguliwa mwaka 1935, nayo hulala majira yote ya baridi. Ukishajua ni vipito vipi vitakuwa wazi, na ukakubali kwamba kipito kimoja kikubwa ni kazi ya siku nzima, miji mingi kwenye orodha hujiondoa yenyewe.

Katika ile 14 nilimwachia minne, na Munich ya usiku wa mwisho kabla ya ndege. Alilalamika kidogo. Nikamwambia asikilize kwanza habari za Nördlingen.

Wengi wakitafuta mji wa kale wa Ujerumani hukimbilia Rothenburg ob der Tauber. Ni mzuri, sikatai, ingawa mabomu ya Machi 1945 yalibomoa sehemu kubwa ya upande wake wa mashariki, na mengi ya upande huo yamejengwa upya. Nördlingen uko karibu zaidi na Munich, na ni wa mviringo kama sinia. Ukuta wake haujakatika popote. Unapanda ngazi langoni, unatembea juu yake chini ya paa la mbao, na baada ya kilomita 2.7 unajikuta pale ulipoanzia. Mji wenyewe umekaa ndani ya shimo la kimondo kilichoanguka miaka milioni 15 hivi iliyopita, shimo lenye upana wa kilomita 24 hivi. Sisi tumezoea kimondo cha Mbozi, ambacho jiwe lipo na shimo hulioni. Kule shimo lipo na jiwe lilitoweka kwa joto la kishindo chake. Mpaka mwaka 1960 wengi waliamini ni mabaki ya volkano, hadi wanasayansi Eugene Shoemaker na Edward Chao walipopata ndani ya mawe yale madini ambayo mgandamizo wa volkano hauwezi kuyaumba. Miaka kumi baadaye wanaanga wa Apollo 14 waliletwa hapo kujifunza mawe kabla ya kwenda mwezini. Kanisa la Mtakatifu George, katikati ya mji, limejengwa kwa mawe hayohayo, na ndani yake mna vichembe vya almasi ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Hayo yote utayasikia hata ukija mchana na kuondoka. Ila lipo moja la usiku. Mnara wa kanisa hilo una urefu wa mita 90, watu wa pale wanauita Daniel, na juu yake kuna mlinzi hadi leo. Kuanzia saa nne usiku hadi saa sita, kila nusu saa, anaita kwa sauti yake mwenyewe, bila kipaza sauti, mwito uleule wa karne nyingi. Wenyeji wanasimulia kwamba mwaka 1440 walinzi walihongwa waache lango wazi kwa adui, na nguruwe aliyekuwa akijikuna kwenye lango ndiye aliyefichua kwamba halikufungwa. Ukweli wa kisa hicho ni wao kuutetea. Mimi nilichosikia ni sauti ya mtu ikishuka kutoka gizani juu ya mapaa, na mji mzima kimya, na mimi dirishani na shuka mabegani. Sijapata kuisahau.

Ndiyo maana nimeandika kichwa cha habari nilichoandika. Mabasi ya watalii hufika miji ya namna hii mnamo saa nne asubuhi na huondoka jioni. Katikati ya saa hizo unachokiona ni migongo ya watalii wenzako. Baada yake vijana wanarudi na baiskeli, wazee wanakaa kwenye mabenchi ya uwanjani, mama mmoja anamwagilia maua ya dirishani, na mawe ya barabarani yanaanza kutoa mwangwi wa viatu vyako mwenyewe. Hoteli ya kando ya barabara kuu ni nafuu kidogo na ina maegesho ya bure. Lakini mtu aliyetoka Dar es Salaam kuja kuona mji wenye ukuta, kisha akalala nje ya ukuta, ameikosa nusu iliyo bora ya safari yake. Punguza siku kama fedha haitoshi, lakini usilale nje.

Füssen nilimpa usiku mmoja tu, kwa ajili ya mtoto, aione ngome ya Neuschwanstein. Ajue tu kwamba si ya Zama za Kati: mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria aliianza mwaka 1869.

Kutoka hapo barabara inaingia Austria kupitia Fernpass. Kabla ya mpaka anunue stika ya barabara kuu za Austria kwenye kituo cha mafuta. Magari madogo hayalipi barabara za Ujerumani, Austria wanauza stika, Italia unalipa kwa umbali, na njia kuu ya Brenner ina tozo yake pembeni ya stika. Asisafiri njia hizo Jumamosi. Foleni ikizidi, simu itamwonyesha njia ya mkato inayokatiza vijijini, na huko Tyrol, katika wikendi za msimu wa watalii, wamewafungia wapita njia barabara hizo. Polisi watamrudisha foleni. Sioni ubaya wowote kwa wanavijiji hao. Nisingependa magari ya nusu ya Ulaya yapite mlangoni kwa mama yangu.

Ukivuka kipito cha Reschen na kuingia Italia utakutana na ziwa, na katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa, peke yake. Kila mtu anashuka kupiga picha. Naomba msomaji wangu akishuka ajue anachokipiga. Hapo palikuwa kijiji, kwa Kijerumani Graun, kwa Kiitaliano Curon. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia eneo hilo lilitolewa Austria likapewa Italia, na utawala wa Mussolini ukapiga marufuku Kijerumani shuleni na kubadilisha majina ya mahali. Tangazo la bwawa la umeme lilibandikwa kwa Kiitaliano, lugha ambayo wengi wa wanakijiji hawakuisoma. Mwaka 1950 maji yakapanda, nyumba zaidi ya 150 zikabomolewa, mashamba yakazama, familia nyingi zikatawanyika. Mnara wa karne ya 14 ukaachwa. Nilikaa kando ya ziwa lile saa nzima nikifikiria tangazo la lugha ngeni lililobandikwa ukutani, na nikawaza vijiji vingapi vya kwetu vingeielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Leo kila mahali huko pana majina mawili, na hilo lina maana kwa mwenye kupanga: Reschen ni Resia, Stilfser Joch ni Stelvio, Glurns ni Glorenza. Andika yote mawili kwenye daftari, usije ukapita lango la hoteli yako mara tatu.

Glurns ndio moyo wa mpango wangu, usiku tatu. Ni mji wenye hadhi kamili ya mji na wakazi wasiofika elfu moja, wote ndani ya ukuta wenye milango mitatu. Uliteketezwa mwaka 1499 baada ya vita vya Calven, na kuta unazoziona zilijengwa baada ya hapo. Septemba bonde lote ni matofaa, miti imeinama kwa mzigo, na matrekta madogo yanapita na makreti. Asubuhi moja tulivu, kabla ya saa mbili, toka hapo uende Prad na uanze kupanda Stelvio.

Barabara hiyo ilijengwa kati ya 1820 na 1825 na mhandisi Carlo Donegani, kwa amri ya mfalme wa Austria aliyetaka kuiunganisha Lombardy na Tyrol. Upande huu ina kona 48 za kujikunja, kila moja imewekewa namba, kuanzia 48 chini hadi 1 juu, na mtoto atazihesabu kwa furaha. Kwa dereva wetu lipo jambo ambalo vitabu vya watalii havilitaji, kwa kuwa havikuandikiwa watu wanaoendesha mkono wa kushoto. Soni tumezoea kona ya kushoto ndiyo inayobana, kwa sababu tunaendesha kushoto na hiyo ndiyo ya ndani. Kule ni kinyume, ya kulia ndiyo inayokukunja, na mwili haukumbuki haraka kama akili. Kwa hiyo siku mbili za kwanza azimalize kwenye tambarare za Bavaria. Akipanda, wenye kushuka humpisha. Akishuka, atumie gia ileile nzito aliyopandia, asining'inie kwenye breki. Mimi niling'inia, nilipofika chini magurudumu yalikuwa yananuka na miguu yangu ilikuwa ikitetemeka.

Juu kabisa, mbele yako ni Ortler, mita 3,905, na barafu yake inayorudi nyuma mwaka hadi mwaka kama ile ya Kilimanjaro. Usirudi ulikotoka. Teremka kidogo upande wa Bormio, kata kulia kwenye kipito cha Umbrail, na utaingia Uswisi kimyakimya hadi Müstair, kwenye nyumba ya watawa iliyoanzishwa karne ya nane, ambayo kuta zake zina michoro ya enzi za Charlemagne. Masista wa Mtakatifu Benedikto bado wanaishi hapo. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu hadi kitandani Glurns.

Ya safari ya kurudi nitayapitia haraka. Bolzano, yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991, mwenye umri wa miaka 5,300 hivi, anastahili saa mbili za mtoto. Gari lisiingie katikati ya miji ya Italia penye kibao cha duara jekundu; kamera zinapiga picha, na faini yangu mimi ilinifuata miezi mitano baada ya kurudi, pamoja na ada ya kampuni iliyonikodisha gari. Kisha usiku mbili Hall, karibu na Innsbruck, mji uliofua mwaka 1486 sarafu kubwa ya fedha iliyofuatwa na thaler zote, ukoo wa zile za Maria Theresa ambazo Wazanzibari wa kale walizihesabu kama reale.

Na visa. Huombwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kwa mpango huu ni Ujerumani, usiku nne. Dirisha la kuomba hufunguka miezi sita kabla na hufungwa siku 15 kabla; ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi; bima isipungue euro 30,000. Hoteli azichukue zinazokubali kufutwa bure. Kibali cha kimataifa cha udereva akate hapahapa nyumbani, na kiti cha mtoto akiagize pamoja na gari.

Alhamisi alinirudishia daftari. Miji mitano, nchi nne. Chini yake kulikuwa na swali moja: mtoto hulala saa mbili, je, kule Nördlingen wamwache akeshe hadi saa nne?

Nimemwambia wampeleke kitandani mapema, kisha wamwamshe.